Warushaji wa Kasi na Mtihani wa Ugenini

Dennis Lillee wa Australia alistaafu mwaka 1984 akiwa na wiketi 355 (yaani wapigaji aliowatoa) za mechi za Testi, zile za kimataifa za siku tano, na wakati huo hakuna mrushaji mwingine duniani aliyekuwa nazo nyingi kiasi hicho. Hata hivyo, kwenye hesabu yake kuna doa. Mwaka 1980 alikwenda Pakistan, akacheza mechi tatu, akaambulia wiketi 3. India hakucheza Testi hata moja. Miaka mitatu baada ya safari ile, Malcolm Marshall wa Barbados alitua India na kikosi cha West Indies, kwenye pichi kavu ambazo kila mtu aliamini ni za warushaji wa polepole. Aliondoka na wiketi 33 katika mfululizo wa mechi sita, na West Indies wakashinda 3-0.

Mechi tatu ni chache mno kumhukumu mtu wa kiwango cha Lillee. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mrushaji wa kasi anayesafiri hukuta kamba nyingi zikimsubiri: mpira wa kiwanda asichokizoea, ardhi inayougandisha mpira badala ya kuurusha juu, joto linalommaliza kabla ya saa sita mchana. Wengi hufungika. Wachache hawafungiki: Richard Hadlee wa New Zealand, Marshall, Glenn McGrath wa Australia, Dale Steyn wa Afrika Kusini, na sasa Jasprit Bumrah wa India. Wachezaji hawa hawafanani kwa umbo wala kwa mtindo. McGrath ana urefu wa karibu mita mbili. Marshall alikuwa mfupi kwa viwango vya kazi yake. Steyn alikuja kwa mbio ndefu za kuchukua kasi. Bumrah huja kwa hatua chache, mkono umenyooka kama ubao. Wanachoshirikiana ni mgawanyo wa kazi: kuna mambo ambayo hawayabadilishi popote waendapo, na kuna mengine wanayoyabadilisha ndani ya ova moja au mbili tu (ova ni mipira sita) baada ya kuisoma pichi.

Tuanze na kasi, kwa kuwa ndiyo inayowavuta watazamaji. Pichi ya kriketi ina urefu wa mita 20.12. Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban nusu sekunde, na ndani ya muda huo anatakiwa auone, aamue na apige. Kasi ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba mpira wa kasi usiotegemea mdundo haujali ardhi ikoje: yoka inayotua miguuni pa mpigaji ni hatari Karachi kama ilivyo hatari London. Lakini kasi peke yake haimfikishi mtu mbali. Shoaib Akhtar wa Pakistan alirusha mpira wa kilomita 161.3 kwa saa mjini Cape Town katika Kombe la Dunia la 2003, na hakuna aliyeifikia rekodi hiyo hadi leo. Alimaliza na wiketi 178 katika Testi 46, nyingine nyingi zikimpita akiwa majeruhi. McGrath, ambaye mara nyingi alirusha kwa kasi ya kilomita 130 na kitu, alicheza Testi 124, akachukua wiketi 563 kwa wastani wa mikimbio 21.64 kwa kila wiketi.

Baada ya kasi kuna mpira wenyewe. Watu wengi hudhani mpira wa kriketi ni mmoja dunia nzima, lakini sivyo. England na West Indies hutumia Dukes, India hutumia SG, na Australia, Afrika Kusini, New Zealand na Pakistan hutumia Kookaburra. Dukes hushonwa kwa mkono, na mshono wake hubaki umesimama kwa muda mrefu, kwa hiyo mpira huendelea kupinda hewani na kukata baada ya kutua hata ukiwa na umri wa ova 50. Mshono wa Kookaburra hulala mapema. Kwa kuwa sheria za Testi haziruhusu mpira mpya kabla ya ova 80, mrushaji aliye Australia anaweza kujikuta ana ova 50 au zaidi za kuhangaika na mpira laini, jua kali na pichi tambarare. SG una mshono mnene, lakini ardhi kavu ya India huukwangua ule mng'ao haraka.

Hapo ndipo linapoingia suala la hewa. Mpira mpya hupinda kuelekea upande ambao mshono umeelekezwa, kwa sababu mshono huivuruga hewa ya upande mmoja na kuiacha ile ya upande wa pili ikipita kwa utulivu. England watu huapa kwamba mawingu ndiyo yanayoupindisha mpira. Vipimo vya maabara havijaonyesha wazi kwamba unyevu wenyewe una nguvu hiyo, ingawa wachezaji wanaendelea kutazama juu kabla ya nahodha kuamua kupiga au kurusha kwanza. Jambo lisilo na ubishi ni mwinuko. Johannesburg na Nairobi ziko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira haupindi sana na ukipigwa huruka mbali zaidi. Shahid Afridi wa Pakistan alipofunga mikimbio 100 kwa mipira 37 kwenye uwanja wa Gymkhana mjini Nairobi, Oktoba 1996, kipaji chake kilisaidiwa na hewa hiyo. Mrushaji anayetegemea kupinda pekee hupata taabu kwenye miji ya namna hii. Yule anayegonga ardhi kwa nguvu hufurahi.

Kwa hiyo, kati ya vyote hivyo, ni kipi ambacho mrushaji anaweza kukitegemea popote? Jibu la kwanza ni mahali mpira unapotua. Kuna eneo dogo kwenye pichi ambalo mpira ukitua hapo, mpigaji hajui kama asonge mbele au arudi nyuma. McGrath alijenga maisha yake yote ya mchezo juu ya eneo hilo, mpira baada ya mpira, karibu na kile kijiti cha nje. Lakini eneo lenyewe huhama. Brisbane au Perth, ambako mpira hudunda juu, mrushaji anatakiwa autue mbele zaidi, la sivyo utapita juu ya vijiti. Wageni wengi wanapouona ule mdundo husisimka, wakaanza kurusha mipira mifupi inayotisha macho na isiyoleta wiketi. India na Falme za Kiarabu, ambako mdundo ni wa chini, mpira lazima uelekezwe kwenye vijiti vyenyewe, ili ukimpita mpigaji uwe umemtoa.

Mwaka 2004 Australia walishinda mfululizo India kwa mara ya kwanza baada ya miaka 35. Safari hiyo warushaji wao wa kasi waliacha ule mpango wa nyumbani wa kusubiri mpira uguse ukingo wa gongo na kudakwa nyuma. McGrath, Jason Gillespie na Michael Kasprowicz walielekeza mpira kwenye vijiti, wakaweka walinzi mbali upande wa mguu wa mpigaji ili kuziba mikimbio minne, wakasubiri. Gillespie alipata wiketi 20, McGrath 14. Miaka 14 baadaye Mohammad Abbas wa Pakistan alitoa somo hilohilo kwa Australia wenyewe, katika joto la Dubai na Abu Dhabi. Abbas hana kasi ya kutisha mtu. Wengi wangemwita wa kasi ya wastani. Katika Testi mbili alichukua wiketi 17, kadhaa kwa mpira uliogonga vijiti au mguu uliokuwa mbele yavyo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilifunga mikimbio 166 dhidi ya West Indies katika Kombe la Dunia, idadi ambayo haikumtisha mtu. Rajab Ali na Martin Suji, wote wawili wasio na kasi ya kuogofya, walianza kwa kurusha mpira kwenye mstari uleule bila kuwapa wapigaji nafasi. Suji alimtoa Sherwin Campbell. Rajab Ali alimtoa nahodha Richie Richardson, kisha akampata Brian Lara kwa mpira uliodakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal. West Indies waliishia mikimbio 93, na Rajab Ali akamaliza na wiketi 3 kwa mikimbio 17.

Jibu la pili ni mshono, na hapa hakuna mfano mzuri kuliko James Anderson wa England. Nyumbani, akiwa na Dukes mkononi na mawingu juu, alikuwa tishio tangu ujana. Ugenini mambo yalikuwa tofauti. Kwenye mfululizo wa Ashes nchini Australia mwaka 2006-07 alipata wiketi 5 tu, kila moja ikimgharimu mikimbio zaidi ya 80. Aliporudi Australia mwaka 2010-11 alichukua 24, na England wakashinda mfululizo huko kwa mara ya kwanza katika miaka 24. Katikati ya safari hizo mbili alikuwa amemtazama kwa makini Mohammad Asif wa Pakistan na kujifunza mtindo wa mshono unaoyumba. Badala ya kuuachia mpira mshono ukiwa wima na umetulia, mrushaji huushika kwa namna inayoufanya mshono utikisike hewani. Hewani mpira haupindi sana, lakini ukitua unaweza kuingia ndani au kutoka nje, na hata aliyeurusha hana uhakika. Mtindo huo hauhitaji mawingu wala Dukes. Anderson aliaga mechi za Testi Julai 2024 akiwa na miaka 41, Testi 188 na wiketi 704, nyingi kuliko za mrushaji yeyote wa kasi katika historia.

Jibu la tatu ni kujua la kufanya mpira ukiwa mkuukuu. Sifa hii ni ya Pakistan. Huko pichi ni kavu, nyasi ni chache, na mpira huchakaa mapema, kwa hiyo warushaji walilazimika kubuni namna ya kuishi. Upande mmoja huachwa ukwaruzike, wa pili hutunzwa na kung'arishwa, na mpira ukirushwa kwa kasi ya kutosha hupinda kinyume na ulivyotarajiwa, kuelekea upande unaong'aa, tena dakika za mwisho. Sarfraz Nawaz alikuwa mwanzilishi mkubwa. Mjini Melbourne mwaka 1979 alichukua wiketi 7 kwa mkimbio 1 tu katika mipira 33, akamaliza zamu na 9 kwa 86. Imran Khan aliendeleza ufundi huo, kisha Wasim Akram na Waqar Younis wakaufanya uwe tishio la dunia nzima.

Ufundi huo ukimfikia mtu mwenye kasi, uwanja wowote huwa wake. Februari 2010 mjini Nagpur, India walikuwa wamefikisha 221 kwa wiketi 4 zilizopotea, wapigaji wametulia na pichi haina lolote la kumpa mrushaji wa kasi. Dale Steyn wa Afrika Kusini alirudi na mpira mkuukuu, ukaanza kupinda kinyume, na wiketi sita zilizobaki zikaanguka kwa mikimbio 12. Alimaliza na 7 kwa 51, na Afrika Kusini wakashinda.

Sheria nazo zimekuwa zikiupunguza au kuupanua uwanja wa ufundi huu. Kupaka mate kwenye mpira kulipigwa marufuku mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2022 marufuku ikafanywa ya kudumu kwenye mechi za kimataifa. Kwenye mechi za ova 50, kuanzia mwaka 2011 mipira miwili ilitumika kwa pamoja, mmoja kila upande, na hakuna uliochakaa vya kutosha kupinda kinyume. Tamaa ya kuharakisha uchakavu imewaponza wakubwa: mwaka 2018 mjini Cape Town, Cameron Bancroft wa Australia alinaswa na kamera akiukwaruza mpira kwa msasa. Nahodha Steve Smith na makamu wake David Warner walifungiwa miezi 12 kila mmoja, Bancroft miezi tisa.

Maarifa yote haya hayana kazi kama mgongo umevunjika. Kila mrushaji wa kasi anapotua mguu wa mbele, mwili wake hubeba nguvu inayozidi uzito wake mara tano au zaidi, na kwa siku moja ya Testi hufanya hivyo zaidi ya mara mia. Pat Cummins alianza Testi mjini Johannesburg mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akachukua wiketi 6 kwa 79 katika zamu ya pili. Testi yake iliyofuata ilikuwa Ranchi, India, Machi 2017. Katikati mgongo na majeraha mengine yalimweka nje zaidi ya miaka mitano. Jofra Archer wa England alikosa Testi kuanzia Februari 2021 hadi Julai 2025. Umri wa hatari zaidi ni ule wa chini ya miaka 25, kabla mifupa ya kiuno haijakomaa, na ndiyo maana nchi zenye mipango huwawekea vijana kikomo cha ova wanazorusha.

Waliodumu ni wale waliokubali kupunguza. Lillee mwenyewe alivunjika mifupa ya mgongo mwaka 1973, akajifunza upya namna ya kurusha, akarudi. Hadlee alifupisha mbio zake za kuchukua kasi, na kila aliyeona hatua hiyo kama ishara ya kuchoka alikosea: mwaka 1985 mjini Brisbane alichukua wiketi 9 kwa 52 katika zamu moja, 33 katika mfululizo wa mechi tatu, na New Zealand wakashinda mfululizo dhidi ya Australia kwa mara ya kwanza. Anderson naye alipitia kinyume chake. Makocha walimbadilisha mtindo alipokuwa kijana ili kumkinga na majeraha, mwaka 2006 mgongo ukapata ufa, akaurudia mtindo wake wa asili na kudumu nao hadi alipoaga Testi.

Linabaki suala la akili, na hilo hujengwa kwa kucheza mbali na nyumbani. Zaheer Khan wa India alianza mechi za kimataifa za siku moja mjini Nairobi, Oktoba 2000, dhidi ya Kenya. Alikuwa kijana wa mkono wa kushoto mwenye kasi na yoka nzuri, na siku chache baadaye Steve Waugh wa Australia aliionja. Miaka iliyofuata majeraha na kuyumba vilimfanya aachwe nje ya timu. Mwaka 2006 alikwenda kuichezea Worcestershire ya England, akarusha ova nyingi msimu mzima, akaupunguza mwendo wake na kuuzoea mpira wa Dukes. Msimu uliofuata alirudi England akiwa na timu ya India, akawa na wiketi 9 katika mechi ya Trent Bridge, na India wakashinda mfululizo. Kasi yake ya mwaka 2007 ilikuwa ndogo kuliko ile ya Nairobi.

Marshall alilionyesha hilo kwa namna iliyobaki midomoni mwa watu. Headingley, mwaka 1984, alivunjika kidole gumba cha kushoto, mkono ukafungwa plasta. Alirudi uwanjani, akaiacha kasi yake ya kawaida, akarusha mipira inayopinda na kukata kwa hewa ya England, akachukua wiketi 7 kwa 53. Bumrah ana kitu kama hicho. Mwaka 2018 alichukua wiketi tano au zaidi katika zamu moja Afrika Kusini, England na Australia, na kabla yake hakuna Mwasia aliyewahi kufanya hivyo katika mwaka mmoja. Melbourne, dakika chache kabla ya chakula cha mchana, pichi ikiwa imelala, alimrushia Shaun Marsh yoka ya polepole iliyomkuta ameshamaliza kupiga. Hakuna mashine ya kupima kasi inayoweza kuhesabu wiketi ya namna ile.

Hata hivyo, hakuna mrushaji anayefanya kazi hii peke yake. Wasim alikuwa na Waqar, Curtly Ambrose wa West Indies alikuwa na Courtney Walsh, Anderson alikuwa na Stuart Broad. Mpigaji anayekimbia moto upande mmoja hukuta moto mwingine upande wa pili. Mwaka 2025 nchini England, Bumrah alicheza Testi tatu kati ya tano ili kuulinda mgongo wake. Mohammed Siraj alicheza zote, akarusha mipira zaidi ya 1,000, akachukua wiketi 23, na asubuhi ya mwisho pale Oval akaipa India ushindi wa mikimbio 6.

Kwa kipimo cha ugenini, Marshall bado ndiye wa kulinganishwa naye: wiketi 376 katika Testi 81, wastani wa 20.94, akiwa ametamba India, England, Australia na Pakistan kwa mbinu tofauti kila mahali. Bumrah anamfuata kwa karibu. Desemba 2024 mjini Melbourne alifikisha wiketi 200 kwa wastani ulio chini ya 20, jambo ambalo hakuna mrushaji mwingine aliyefikisha idadi hiyo amewahi kulifanya, na alimaliza mfululizo ule wa Australia na wiketi 32. Tofauti kati yao ni mwili: Marshall alipewa ova nyingi na akazimudu, Bumrah anapangiwa.

Makocha wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaolea vijana wenye mikono ya haraka wana la kuchukua hapa. Wawafundishe kwanza kuutua mpira mahali pamoja mara sita mfululizo, wawahesabie ova kila wiki, kisha wawatoe nje ya uwanja wao wa kila siku: wa Dar wakacheze Nairobi kwenye hewa nyepesi, wa Nairobi washuke Mombasa kwenye joto na upepo wa bahari. Kilomita za ziada zitafuata miili ikikomaa.